Mgonjwa Hakuandikiwa Jina

Katika michezo tuliyoigiza vijijini kila mhusika alikuwa na jina lake, isipokuwa mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa nalo, mkewe alikuwa nalo, hata mlevi wa kilabuni aliyepita mara moja tu kuchekesha watu alikuwa nalo. Yule mwenye virusi vya Ukimwi aliandikwa "Mgonjwa", basi. Aliingia akiwa kijana wa starehe, miwani ya jua usoni na noti mkononi. Onyesho la tatu akaanza kukohoa, la tano akafunikwa shuka. Hapo msimulizi alisogea mbele kuwauliza watazamaji wamejifunza nini, na watoto wakajibu kwa pamoja, kwa kuwa gari la matangazo lilikuwa limeshawapa jibu tangu asubuhi.

Ndiyo kazi iliyotulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha sanaa kisicho na ukumbi wala mfadhili wa kudumu kilikuwa na njia chache za kuishi Dar es Salaam: harusi, kampeni za uchaguzi, na michezo ya uhamasishaji. Tulikuwa waigizaji, wacheza ngoma na wapigaji wao. Tulipanga vyumba viwili Manzese, wanaume kimoja na wanawake kingine, magodoro yakikunjwa asubuhi ili ipatikane nafasi ya mazoezi. Mradi wa uhamasishaji ulituletea mchezo ukiwa umeshaandikwa, na kila ujumbe umewekewa namba pembeni. Vichekesho tuliruhusiwa kuvibadili. Kifo cha Mgonjwa hatukuruhusiwa kukigusa.

Sisemi michezo ile haikumfaa mtu. Nimewaona wanawake wakimfuata muuguzi nyuma ya gari baada ya onyesho, giza limeshaingia, wakimuuliza mambo ambayo wasingethubutu kuyauliza zahanati mbele ya majirani. Nimewaona wazee waliokuja kutazama ngoma tu wakibaki hadi mwisho wa majadiliano. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na naamini kwamba mtazamaji aliyeondoka uwanjani akijua namna virusi vinavyoambukizwa aliondoka pia na somo lingine ambalo halikuwekewa namba: kwamba mwenye virusi ni mfano, na mfano ukishafundisha hauna kazi tena.

Kisha mpiga ngoma wetu akaanza kukohoa.

Jina lake silitaji. Ni lake, na ni yeye anayeamua nani alijue pamoja na habari hizi; maneno haya ameyasoma kabla yako. Nitasema tu kwamba alikuwa fundi. Ngoma alifundishwa na wajomba zake huko Pwani, na katika ngoma ya mdundiko mkono wake wa kushoto ulijibu kabla wa kulia haujamaliza kuuliza. Kufikia mwisho wa mwaka 2005 alikuwa amekonda, na usiku alitoka jasho hadi shuka likakamulika. Alipopimwa alikutwa na kifua kikuu, na kipimo kilichofuata kikaonyesha virusi. CD4 zake, yaani seli za kinga ya mwili, zilikuwa chini ya 200, kiwango kilichotumika wakati ule kuamua nani aanze dawa. Serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo mwaka 2004. Angeugua miaka mitatu nyuma, leo ningekuwa naandika tanzia.

Katika miezi ile ya kumuuguza ndipo filamu ya Rent ilipotufikia.

Aliyeileta ni mwigizaji mwenzetu, dada aliyekuwa amesoma kutuzidi sote na ambaye Kiingereza kilimtoka bila kukwama. Aliikuta Kariakoo kwenye mojawapo ya zile diski zilizoshindiliwa filamu nyingi, akaichukua kwa sababu gamba lilionyesha watu wanaimba. Manzese ya wakati ule ilijaa vibanda vya video, na filamu za kigeni zilikuwa na watafsiri wake. Lufufu alikuwa mkubwa wao, akiweka sauti yake juu ya sauti za Wahindi na Wachina hadi wote wakazungumza Kiswahili cha mjini. Filamu ambayo watu wanaimba mwanzo hadi mwisho hakuna mtafsiri angeihangaikia. Basi dada yetu akawa ndiye mtafsiri. Alikaa sakafuni kando ya televisheni, akiegemea godoro alilolalia mgonjwa, akatueleza kila kitu kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, nasi tukasikiliza huku nyimbo zikiendelea.

Rent iliongozwa na Chris Columbus, yuleyule wa Home Alone, ikatoka Marekani Novemba 2005. Hadithi inaanza usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1989, katika mtaa wa East Village, New York. Mark anajaribu kutengeneza filamu, Roger anajaribu kutunga wimbo mmoja wa maana kabla hajafa. Umeme umekatwa, baridi ni kali, na Benny, aliyewahi kuishi nao chumba kimoja kabla ya kuoa kwenye familia yenye mali, anadai kodi ya mwaka mzima. Chini yao anaishi Mimi Marquez, mcheza dansi wa klabu ya usiku anayetumia dawa za kulevya. Yupo Tom Collins, mwalimu wa falsafa. Yupo Maureen, msanii wa jukwaani, na mpenzi wake Joanne, mwanasheria. Na yupo Angel. Wanne kati ya watu hawa wana virusi. Sisi tuliokuwa tumetoka kumsihi mama mwenye nyumba wiki ileile, "Shikamoo mama, tuvumilie hadi mradi ulipe," naye akatujibu, "Wanangu, mimi nami nina watoto shuleni," tulielewa dakika za mwanzo bila kuambiwa.

Angel anatokea mara ya kwanza akipiga ngoma. Collins amepigwa na wezi, ameanguka uchochoroni, na karibu yake mtu anapiga ndoo ya plastiki kwa vijiti. Mgonjwa wetu, ambaye siku ile hakuwa amekaa hata kula, alijiinua kwa kiwiko.

"Ndoo," alisema. "Anapiga ndoo."

Angel ni mwanamume anayevaa nguo za kike, na chumba chetu kilikuwa chumba cha vijana wa Manzese. Kulizuka kicheko, mmoja akanyoosha mkono abadilishe filamu. Mpiga ngoma akamzuia. "Acha, bwana. Mwangalie mikono." Tukaiangalia mikono. Kila mmoja pale alijua inachukua miaka mingapi kupata mkono wa namna ile, na hilo ndilo lililomaliza kicheko. Tangu siku ile siwezi kumfikiria Angel ila kama mwenzetu wa kazi. Anapata fedha kwa ngoma yake, na fedha yenyewe haikai mfukoni mwake: anainunulia njaa ya wenzake chakula na baridi ya Collins koti.

Filamu ilipofika kwenye kikao cha watu wenye virusi, mtafsiri wetu alinyamaza. Wamekaa duara. Kila mmoja anataja jina lake, halafu mmoja anaanza kuimba swali, mwingine analipokea wa kwanza hajamaliza, na wa tatu, hadi chumba kizima kinaimba swali lilelile kwa kupishana. Maswali yenyewe ni yale ambayo mgonjwa hujiuliza usiku wenzake wakiwa wamelala.

"Wanasema nini?" aliuliza mpiga ngoma.

"Wanauliza unayoyauliza wewe," dada akamjibu.

Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma habari za aliyetunga mchezo wa muziki wa jukwaani uliozaa filamu hii, niligundua kwamba baadhi ya majina yanayotajwa kwenye duara lile hayakubuniwa. Gordon, Ali, Pam: hao walikuwa rafiki zake Jonathan Larson, mtungaji mwenyewe, na walikuwa na virusi. Rafiki yake mwingine wa tangu utotoni alimwambia kwamba naye anavyo. Larson akawa anahudhuria vikao vya namna hiyo mjini New York, anakaa, anasikiliza. Alipoandika, aliwapa watu wake majina.

Huyu Larson alizaliwa Februari 4, 1960. Kwa takriban miaka kumi alikuwa mhudumu katika mgahawa mmoja mdogo wa New York, Moondance Diner, akibeba sahani mwisho wa wiki ili siku nyingine atunge. Aliishi kwenye nyumba ambayo beseni la kuogea lilikuwa jikoni. Kila mwaka, msimu wa Krismasi, aliwakusanya rafiki zake kwenye nyumba hiyohiyo kwa karamu, kila mtu aje na chungu chake. Nimesoma wanaoilaumu Rent kwamba inapamba umaskini, kwamba inawafanya vijana wadhani njaa na nyumba mbovu ndivyo vinavyozaa sanaa. Kwa filamu lawama hiyo ina ukweli kidogo. Vyumba vyake ni vipana mno, waigizaji wana afya nzuri mno, na baridi ya New York inaonekana kama pambo. Lakini nikimtazama mtungaji mwenyewe naona kitu kingine. Umaskini ulimla Larson miaka kumi. Kilichompa Rent ni watu waliokaa mezani pake, na vifo vyao.

Alianzia kwenye opera ya Puccini, La Bohème, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Turin, Italia, Februari 1, 1896. Humo nako kuna wasanii wasio na kuni, na msichana Mimì anayekufa kwa kifua kikuu. Larson aliondoa kifua kikuu akaweka Ukimwi. Mpiga ngoma wetu alikuwa navyo vyote viwili kifuani, cha Puccini na cha Larson, kama walivyokuwa wengi katika wodi zetu. Kifua kikuu ndicho kilichowaua wenye virusi kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Mwaka ule ambao filamu inaanzia nao una hadithi yake upande wetu wa dunia. Mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na kuimba, akiwa amekonda, mbele ya watu ambao baadhi yao hawakumsadiki. Alifariki Desemba 15, 1989, siku tisa kabla ya ule mkesha wa Krismasi wa Mark na Roger. Kwetu Tanzania ugonjwa ulikuwa umeshagunduliwa Kagera tangu 1983. Remmy Ongala alipotunga wimbo kuhusu kondomu, Mambo kwa Soksi, Radio Tanzania haikuupiga. Nawataja hawa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Afrika ilikaa kimya. Wasanii walisema. Lutaaya alisema kwa jina lake kamili, na sauti yake, na mwili wake uliokuwa ukiisha, na hakuna aliyemwandikia ujumbe wa kuwekewa namba.

Ilikuwaje basi sisi, miaka zaidi ya kumi baada ya Lutaaya, tukawa tunabeba jukwaani mtu asiye na jina? Nadhani ni kwa sababu fedha zilipokuja zilitaka kitu kinachopimika: vijiji vingapi, watazamaji wangapi, ujumbe upi umefika. Rafiki hapimiki. Angel anapokufa kwenye filamu, hakuna msimulizi anayesogea mbele. Wenzake wanasimama kanisani mmoja mmoja, na wanachosimulia ni vijambo vidogo: siku alipowaongoza watalii waliopotea mitaani, siku alipomjibu mtu aliyemtishia. Halafu Collins anaimba. Waigizaji sita kati ya wanane wakuu wa filamu ndio walioanza na mchezo huu jukwaani mwaka 1996, na walikuwa wameimba msiba huo usiku baada ya usiku wakijua aliyeutunga naye amekufa. Wilson Jermaine Heredia, aliyekuwa Angel, alipata tuzo ya Tony kwa nafasi hiyo. Ukitazama nyuso zao kanisani utaona kwamba wanazika zaidi ya mtu mmoja.

Maana Larson hakuiona Rent ikifunguliwa. Januari 1996, mazoezi yakiwa yanamalizika, alipatwa na maumivu makali ya kifua. Alikwenda hospitali mbili kwa nyakati tofauti; moja ikamwambia ni chakula kibaya, nyingine ikamwambia ni mafua. Usiku wa kuamkia Januari 25, siku ya onyesho la kwanza la majaribio katika New York Theatre Workshop, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni ulichanika, akaanguka jikoni kwake. Alikuwa na miaka 35. Jioni ile waigizaji waliamua kuimba tu wakiwa wamekaa, mbele ya wazazi na rafiki zake. Walipofika kwenye wimbo wa mgahawani, ule ambao kundi zima linapanda juu ya meza kuwatakia heri wasanii na wapendanao na wanaoishi na virusi, hawakuweza kubaki vitini. Waliinuka wakaucheza mchezo wote. Mwaka huohuo Rent ilipata tuzo ya Pulitzer na Tony ya mchezo bora wa muziki, ikaendelea Broadway hadi Septemba 2008, maonyesho 5,123. Viti vya safu mbili za mbele viliuzwa siku ya onyesho lenyewe kwa dola 20, ili watu wa aina ya Mark na Roger waweze kukaa karibu na jukwaa. Hilo la viti nalipenda kuliko tuzo.

Narudi kwa mgonjwa wetu, kwa kuwa dawa zake zina sehemu katika hadithi hii. Katika filamu, Roger na Mimi Marquez wanapendana kwa hofu, kila mmoja akificha. Wako mgahawani, kelele tupu, na kengele ya kukumbusha dawa inalia. Mmoja anatoa kidonge cha AZT. Mwenzake anatoa chake. Ndivyo wanavyojuana. AZT iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, ikaanza kwa bei ya takriban dola 10,000 kwa mwaka, na wagonjwa wa mwanzo waliimeza kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Wimbo unaofungua filamu unahesabu dakika za mwaka mmoja, 525,600. Kwa mtu anayeishi kwa kengele ya kila saa nne, hesabu hiyo ni ya kila siku.

Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi na saa moja usiku. Vidonge vilikuwa vya mchanganyiko wa dawa tatu kwa kimoja, vya kiwanda cha India. Februari 2001 kampuni ya Cipla ilikuwa imetangaza kwamba inaweza kuuza mchanganyiko wa namna hiyo kwa dola 350 kwa mwaka, na tangazo lile ndilo lililobomoa ukuta wa bei; bila hilo hakuna serikali ya Afrika Mashariki ambayo ingegawa dawa bure. Mojawapo ya hizo dawa tatu, stavudine, ilikuwa na madhara yake. Ilitia ganzi miguuni na mikononi. Mtu mwingine angevumilia. Huyu alikuwa mpiga ngoma, na asubuhi moja alikaa kitandani akigonga ukingo kwa vidole, akatuambia hasikii anapogonga. Kifo alikuwa ameshazungumza nacho. Hili la mikono lilimliza.

Hapo ndipo nilipojua urafiki wa wasanii ni kazi ya aina gani. Filamu nyingi huuonyesha kwa kuimba pamoja na kucheka juu ya paa, na Rent nayo inapenda sana kupanda juu ya paa. Kwetu urafiki ulikuwa zamu. Fulani anampeleka CTC, kliniki ya wenye virusi, fulani anakoroga uji wa lishe, maana dawa zile juu ya tumbo tupu zilimtupa chini. Fulani anakaa naye jioni akimkanda vidole kimoja kimoja na kumfanya apige polepole kwenye gamba la daftari. Mkono wa kushoto uliwahi kurudi. Wa kulia ulichukua muda mrefu, na hadi leo kidole chake kidogo hakisikii vizuri. Baadaye dawa ile ikaachwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe polepole.

Mimi wakati ule nilichukua kazi ya kusoma matangazo ya biashara redioni. Sabuni, simu, bia. Katika Rent, Mark anapata kazi ya mshahara kwenye kipindi cha televisheni cha udaku, kisha anaiacha ili amalizie filamu yake, na hadithi inaushangilia uamuzi huo. Hapo sikubaliani nayo, wala sijawahi kukubaliana nayo. Fedha ya matangazo ndiyo iliyonunua mayai, maziwa na nauli. Sikuona sanaa yangu ikichafuka. Kijana anayesoma haya na kudhani kwamba kukataa mshahara ni uaminifu kwa kipaji chake, namwomba ahesabu kwanza wanaomtegemea. Larson mwenyewe alibeba sahani hadi karibu na mwisho wa maisha yake.

Kuhusu mwisho wa filamu tumebishana miaka mingi. Mimi Marquez analetwa akiwa mahututi, Roger anamwimbia ule wimbo aliokuwa akiutafuta, na msichana anakata roho mikononi mwake. Kisha anazinduka. Katika Puccini hazinduki, anakufa. Wachambuzi wengi wameuona mwisho wa Larson kuwa dhaifu, na mimi, niliyefundishwa kwamba mchezo wa huzuni lazima ufike mwisho wake, nilikuwa upande wao. Dada mtafsiri aliudharau kabisa. Mpiga ngoma aliutaka uwe vilevile ulivyo. Siku zile nilidhani ni matumaini ya mgonjwa tu.

Sasa nimeijua kalenda. Larson alifariki Januari 1996. Desemba 1995 Marekani ilikuwa imeidhinisha dawa ya kwanza ya kundi jipya, na mbili nyingine zikafuata Machi 1996. Julai, kwenye mkutano wa Vancouver, matabibu walionyesha kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja zinakizuia kirusi. Mwaka huohuo, katika miji ya Marekani, watu waliokuwa wameshagawa vitu vyao wakaanza kuinuka vitandani. Matabibu wakawaita Lazaro. Larson aliandika msichana anayezinduka kabla dawa ya kumzindua haijafika madukani. Hakuweza kujua. Alikataa tu kumwua rafiki mwingine. Na mwaka 2006, huko Manzese, mtu aliyekuwa akibebwa kwenda msalani alitembea mwenyewe hadi dukani kununua vocha.

Tulimwomba ofisa wa mradi mmoja amruhusu Mgonjwa apewe jina na asife. Alitusikiliza vizuri, kisha akasema ujumbe utapotea. Dada akaandika mchezo mwingine, bila mradi, bila fulana, bila posho. Mhusika wake alikuwa na jina, mama mkali, deni dukani na mchumba aliyesitasita. Anameza dawa yake jukwaani huku akigombana na mdogo wake kuhusu redio. Tuliuonyesha jioni moja uwanjani palepale mtaani, taa moja ya kuazima. Mwisho hatukuuliza watu wamejifunza nini. Kimya kilikuwa kirefu, hadi mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kama yule kijana baadaye alioa. Dada alicheka hadi akashika goti. Mzee alikuwa ameuliza habari za mtu.

Dada ndiye tuliyempoteza. Mwaka 2011, akiwa na ujauzito wa kwanza, alipatwa na kifafa cha mimba, na hakurudi nyumbani. Miaka yote ile macho yetu yalikuwa kwenye godoro la mpiga ngoma; hakuna aliyemtazama mwenye afya. Rafiki zake Larson wanasimulia jambo lilelile: walikuwa wamejiandaa kwa vifo vingi mwaka ule, na si kwa cha kwake. Msibani kila mtu alitaka kusema alivyokuwa mwema. Mpiga ngoma aliposimama alieleza namna dada alivyokuwa akila maembe mabichi kwa chumvi katikati ya mazoezi na kutema maganda mlangoni, na namna alivyowahi kumkaripia kiongozi mmoja kwa kumwita msanii "kijana wangu". Mama yake ndiye aliyeanza kucheka.

Mpiga ngoma sasa anameza kidonge kimoja kwa siku na ana wanafunzi. Mwaka jana alinipigia simu usiku kunieleza kwamba anatunga wimbo kuhusu CTC: foleni ya alfajiri, mabenchi, watu wanaojifanya hawajuani halafu wanagawana chapati. Anasema hakuna filamu iliyowahi kuionyesha foleni ile, na kwamba hapo ndipo alipopata nusu ya rafiki zake. Mdundo anao tayari. Mashairi ameniomba mimi. Hatujakubaliana kuhusu ubeti wa tatu: mimi namtaka dada awemo, yeye anasema foleni ile si ya dada, dada atungiwe wimbo wake, mrefu, na wenye maembe.